Etabo Alipokwenda Kukagua Shule ya Wazungu

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa shule yetu walinipa saa ya ukutani, nami nikawaahidi kuwaandikia kidogo juu ya kazi. Saa yenyewe inakimbia, kwa hiyo naona nianze mapema. Vyeo sitavigusa, na mshahara wa mwalimu hauna hadithi. Nitawaeleza kazi yangu ya kwanza, ambayo hamtaikuta katika mtaala wowote: kuwaandaa watoto wa wazungu kwenda kuishi mbali na mama zao.

Nilitoka Taita mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Misheni moja iliyokuwa na makao Lodwar ilitafuta mwalimu wa kike, Mkristo, anayejua Kiingereza na asiyeogopa joto. Waliotimiza masharti matatu ya kwanza walikuwa wengi. Sharti la nne liliniachia nafasi mimi, kwa sababu nilikuwa sijafika Lodwar.

Nilipanda lori la unga kutoka Kitale. Tulipofika nilishuka nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na mwanamke mmoja wa kizungu, mrefu, mkavu kama ukuni, akanitazama kwa muda kisha akasema kwa Kiswahili safi kwamba alikuwa ameahidiwa Mtaita, na sasa ameletewa mzungu mwingine. Huyo ndiye Bi Agatha. Alikuwa amefundisha Tanga miaka mingi, hakuolewa, na Kiswahili chake kilinitia haya. Kazi hii ninayojivunia leo nilijifunza kwake, si chuoni.

Darasa letu lilikuwa veranda ya nyumba yake. Wanafunzi walikuwa watoto wa misheni: wa wachungaji, wa mafundi wa visima, wa bwana mmoja aliyeshughulika na mashamba ya kumwagilia maji kule Katilu. Walikuja pekupeku au na ndara za tairi, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha hesabu, maandiko, na kufunga kamba za viatu. Wakifika umri wa miaka minane au tisa, walipelekwa shule za bweni za Kikristo huko nyanda za juu, kwenye baridi. Kwa hiyo mwezi wa mwisho wa mwaka mngewakuta akina mama wa kizungu wa Lodwar, jua likiwa limesimama utosini, wakifuma sweta za sufu. Jasho liliwatiririka hadi kwenye sindano. Orodha ya shule ilitaka sweta mbili, koti la mvua na buti za mpira, nasi tulikuwa mahali ambapo mvua ilikuwa jambo la kusimuliwa.

Kuchagua shule ndiko kulikokuwa kibarua. Mlimani kulikuwa na shule moja kali, ya sala tatu kwa siku na maji baridi. Ziwani kulikuwa na nyingine yenye magitaa. Kila shule ilijiita ya Kikristo na ya kimataifa, na kila moja ilimhurumia mwenzake kwa Ukristo wake. Wazazi waliomba uongozi wa Mungu kwa miezi, na mara nyingi Mungu aliwaongoza kwenye shule ambayo jirani yao hakuchagua. Kila asubuhi misheni zote ziliwasiliana kwa redio. Baada ya habari za wagonjwa na mafuta ya taa, ungemsikia mama wa kituo kimoja akimweleza wa kituo kingine kwamba Ziwani watoto wanacheza muziki wa ngoma siku ya Bwana, na mwingine akijibu kwa upole kwamba Mlimani mtoto wa fulani alikojoa kitandani muhula mzima na hakuna aliyewaandikia wazazi. Juu ya mambo haya yote ilikaa Kamati ya Elimu ya Watoto. Ilikutana mara nyingi kuliko mvua.

Bi Agatha alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, na alihudhuria kama mtu anavyohudhuria kwa daktari wa meno. Kanuni yake aliniambia mapema. "Ukipelekwa kutazama shule," alisema, "usianzie ofisini. Ofisi zote ni nzuri. Anzia chooni, halafu jikoni, halafu mtafute mtoto aliyekaa peke yake umwulize jina lake." Nimewapa walimu wengi kanuni hii. Wengi wameanzia ofisini, kwa sababu huko ndiko kuna chai.

Baada ya mwaka hivi nilihamishiwa Kakuma. Kakuma ya wakati ule msiifikirie hii ya leo. Palikuwa na zahanati, kanisa, maduka machache, shule ya msingi ya misheni, na mbuzi. Daktari wa zahanati aliitwa Nils, mtu mwema, mpole, aliyeamini kwamba jambo lolote likielezwa vizuri litakubaliwa. Mkewe tulimwita Mama Karin, kwa jina la binti yao wa pekee. Karin alikuwa na miaka minane na alisema Kiturkana vizuri kuliko lugha ya kwao. Siku nzima alikuwa na rafiki yake Akiru wakichunga mbuzi wa baba yake Akiru kwenye mchanga wa lugga, ule mto ambao huwa na maji siku mbili tatu kisha ukarudi kuwa barabara. Mimi nilitumwa kumwandaa Karin kwa bweni. Kila alasiri nilimfundisha kula kwa uma. Alikuwa na subira nami.

Baba yake Akiru ndiye Etabo. Msimfikirie mzee wa busara; hakuwa mzee, na busara yake ilitegemea siku. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyepajua Kitale, mwenye unyoya mzuri kichwani na maringo ya kutosha watu wawili, mpenda sukari, mbishi. Aliwahi kubishana na Daktari kwamba dawa ya macho inafanya kazi vizuri zaidi ikinywewa. Lakini alikuwa na mifugo na ndugu wengi, na alipofanya jambo, Lopur nzima, kijiji chao, ilikuwa imelisikia kufikia kesho yake.

Daktari Nils alikuwa na hoja moja aliyoipenda: wasichana waende shule. Aliisema kanisani, zahanati, na mbele ya mtu yeyote aliyesimama kwa muda. Siku moja aliisema kwenye baraza, mbele ya D.O., yule afisa wa serikali, mbele ya watu wote. Alizungumza vizuri. Alisema shule ya misheni ya Kakuma ni shule nzuri, walimu wake ni wazuri, na mzazi anayempenda binti yake hawezi kumnyima. Etabo akasimama na unyoya wake.

"Daktari," alisema, "wewe nasema hii shule ni mzuri. Mimi nasikia. Mtoto yako na mtoto yangu iko sawa, nachunga pamoja. Sasa mtoto yako iko kwa hii shule?"

Daktari akaanza kueleza. Alieleza kwamba Karin ataenda shule nyingine, ya watoto wa wageni, mbali kidogo, kwa sababu ya mitihani ya kwao.

"Hiyo ingine ni mzuri kushinda hii?"

 Sijui kama mnaona shimo ambalo Daktari alikuwa amejichimbia. Akisema ndiyo, amewaambia watu wa Kakuma wawapeleke watoto wao kwenye shule mbaya. Akisema hapana, basi Karin anakwenda wapi? Etabo hakumngoja. Alisema binti yake ataingia shule siku ile ile wa Daktari atakapoingia, si kabla. Watu wakapiga makofi, na D.O., ambaye alikuwa na haraka, akasema amefurahi kwamba suala limepata ufumbuzi.

Kamati ilikutana Lodwar. Mimi nilikuwa nimeshuka Lodwar na Daktari; sikuwemo kikaoni, ila veranda ya Bi Agatha ilikuwa chini ya dirisha lao. Mwenyekiti aliuliza kama kuna utaratibu wa mtoto wa mmisionari kusoma shule ya msingi ya misheni. Hakukuwa na utaratibu, na jambo lisilo na utaratibu huwatia watu wa kamati homa. Mmoja alitaja chawa. Mwingine alitaja viwango. Wa tatu, aliyekuwa akisimamia shule hizo hizo zote za misheni Turkana nzima na kuzisifu kwa wafadhili, alisema kwa masikitiko kwamba si mahali pa mtoto. Bi Agatha akamwuliza watoto walioko huko sasa ni nini. Kikao kikaahirishwa kwa maombi.

Aliyemaliza jambo alikuwa Mama Karin. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika kamati hakuulizwa. Alimshika tu binti yake mkono siku shule ilipofunguliwa, akampeleka hadi mlangoni kwa Mwalimu Ewoi, mwalimu mkuu, akasema huyu hapa; Daktari akaiahidi kamati kwamba ni mwaka mmoja tu. Mimi nilijua alichofanya. Alikuwa ameununua mwaka mmoja wa kukaa na mtoto wake. Kabla ya saa nne Etabo alimleta Akiru, amempaka mafuta hadi anang'aa, na nyuma yake wakaja wasichana wengine wa ndugu zake. Ewoi hakuwa na madawati ya kutosha. Nilimkuta nje ya darasa akicheka peke yake.

Mwaka ule ulikuwa mzuri, na kwa sababu hiyo sina mengi ya kuusimulia. Karin alipata chawa, kama kamati ilivyotabiri. Akiru alipata chawa wale wale, na hakuna kamati iliyokutana.

Mwaka ulipokwisha, ndugu wa Daktari kutoka kwao walianza kuandika, na kamati ikaanza kuulizia. Daktari alisema ameahidi mwaka mmoja na ameutimiza.  Mama Karin akachukua sindano na sufu.

Walienda kwanza Mlimani, nami nikaenda nao kumsaidia mtoto. Mwalimu mkuu wa huko alimhoji Karin mbele yetu, maana pale mtoto hakuingia bila ushuhuda wa imani. Alimwuliza kama huwa anaomba. Karin akasema ndiyo, anaomba mvua.

"Na Mungu hukujibu?"

"Bado," alisema Karin.

Yule bwana akauliza kama haombi kusamehewa dhambi. Karin akafikiri, akasema kwanza mvua. Tulipewa chai na jibu kwamba roho ya mtoto haijakomaa, labda kwa sababu ya mazingira aliyolelewa. Aliyemlea katika mazingira hayo, mmisionari wa kanisa hilo hilo, alikuwa amekaa pale na kikombe mkononi. Mimi niliaga nikaenda jikoni. Sufuria za uji zilikuwa hazijaoshwa tangu asubuhi, na kwa hilo nilishukuru kwamba tumekataliwa. Ziwani walimpokea bila kumwuliza chochote. Walimpokea kila mtu.

Karin alipoondoka na sanduku lake la bati, Etabo alikuja zahanati. Tulidhani amekuja kumtoa Akiru shuleni, na Ewoi alikuwa tayari na hotuba. Kumbe alikuwa na swali. Alitaka kujua shule ya Kakuma imeharibika nini hata wa Daktari ahamishwe. Ewoi akamwambia haijaharibika. Basi, akasema Etabo, hiyo nyingine lazima ni nzuri ajabu, na yeye hawezi kuamua juu ya binti yake bila kuiona kwa macho. Mbuzi hanunuliwi kwa kusikia. Wazazi wakienda kutembelea watoto, naye atakwenda.

Daktari alijaribu kumweleza. Lakini wasichana wa ukoo wa Etabo walikuwa nusu ya wasichana wote shuleni, na wote walikuwa wanangoja neno lake. Rubani wa ndege ya misheni alisema amebakiwa na viti viwili, kimoja cha Etabo. Mimi nilipewa kingine niwe mkalimani, ingawa kwa Etabo mkalimani ni mtu wa kubishana naye tu.

Rubani alitaka kumpima uzito kama abiria wote. Etabo alikataa, yeye si beberu. Mwishowe alipimwa kiti chake cha kigogo, kile cha kukalia na kuwekea kichwa, na yeye tukamkadiria. Alikaa mbele, karibu na rubani, na ndege ilipopaa alilala usingizi hadi tukatua. Mimi ndiye niliyetapika.

Mwalimu mkuu wa Ziwani alikuwa mchangamfu. Alitutembeza kanisani na chumba cha muziki. Etabo aliitazama piano, akauliza nani amekufa. Nje aliwaona ng'ombe wa shule, wanene, na hapo tukampoteza kwa muda mrefu. Aliwasifu mpaka mchungaji wa ng'ombe akaona haya. Kisha akataka kuona watoto wanapolala. Bweni lilikuwa safi. Vitanda vilipangwa mistari, na chini ya kila kitanda kulikuwa na sanduku. Etabo alitembea katikati akivigusa kwa fimbo.

"Usiku nani nalala na hawa?"

Nikatafsiri. Mwalimu mkuu akasema kuna matroni.

"Huyo ni mama ya nani?"

Si mama wa yeyote, nilimwambia. Ni kazi yake.

Etabo akageuka na fimbo yake kuelekea mlangoni. Tulitoka nje, hadi uwanjani ambako watoto walikuwa wakiletwa kwa wazazi wao. Karin alikuja na tai na soksi ndefu. Alimpa baba yake mkono, akampa na mama yake, akawashukuru kwa Kiingereza kwa kuja kwao. Daktari alisema jinsi alivyokua. Mama Karin alikuwa ameshika ule mkono kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

"Ejok, Karin," alisema Etabo, akimsalimu kwa Kiturkana.

 Mtoto alimtazama matroni kwanza. Baadaye tulijua kwamba aliyesikika akisema lugha nyingine zaidi ya Kiingereza alivalishwa kibao shingoni mpaka jioni, na Karin alikuwa amekivaa zaidi ya wote. Wazazi hawakuwa wameandikiwa habari hiyo. Barua za watoto zilisahihishwa na walimu kabla ya kutumwa.

Etabo aliweka kiti chake kwenye nyasi, akakaa, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiturkana, ambacho nami nilikuwa nimeanza kukifuata, akamwambia kwamba yule mbuzi wa Akiru mwenye pembe moja amezaa pacha.  Karin akauliza, kwa sauti ya chini sana, wana rangi gani. Etabo akamwambia mmoja mweusi, mwingine wa madoa, na wa madoa ni wake, wanamngoja ampe jina. Hapo mtoto akakamata shuka ya Etabo kwa mikono miwili, akaficha uso humo, akalia. Matroni alipiga hatua mbele. Mama Karin alimtazama tu, na matroni akarudi mahali pake.

Tulirudi Kakuma kwa ndege ile ile. Kesho yake Etabo alitoa ripoti yake mbele ya zahanati, watu wamejaa. Alisema ng'ombe wa kule ni wazuri, hana la kusema juu ya ng'ombe. Nyumba ni nzuri. Lakini shule ile ni ya watoto ambao wazazi wao wako hai na hawaonekani. Jioni mtoto harudi popote. Alisema shule ya Ewoi haina ng'ombe wala vitanda, lakini jua likishuka Akiru anarudi kwa mama yake, na kwa hiyo ameichagua hiyo. Akaongeza kwamba Ewoi anaweka chumvi kidogo mno kwenye maharagwe.

Mama Karin alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati na alisikia yote. Jioni, mezani, mimi nikiwepo, Daktari alianza kusema juu ya wito, na kwamba kila mtumishi wa Mungu ana kitu alichoweka madhabahuni. Alisema vizuri, kama kawaida yake.

"Mungu alikuita wewe, Nils," alisema Mama Karin. "Mimi alinipa mtoto."

Muhula ulipokwisha Karin alirudi Kakuma, na sanduku lake likageuka la kuwekea unga. Kamati ilipokea habari hizo kwa huzuni, ikaandika kwamba mtoto huyu amepatiwa mpango maalumu kwa sababu za kiafya. Bi Agatha aliomba waandike ni afya ya nani. Kufikia mwaka uliofuata, kina mama wawili wengine walikuwa wameugua afya hiyo hiyo, na kwenye redio ya asubuhi sikusikia tena habari za magitaa.

Kwangu matokeo yalikuwa rahisi: mtoto wa kuandaliwa hayupo, na kazi ya kumwandaa ikaisha. Niliomba nafasi kwa Mwalimu Ewoi, naye akanipa darasa la tatu, ambamo Karin na Akiru walikaa dawati moja wakinakiliana hesabu. Karin alikaa hadi alipofika umri wa sekondari, akaenda kwao kwa hiari yake. Akiru alimaliza darasa la saba, akaenda kusomea uuguzi, na zahanati ile aliyoifanyia kazi Daktari Nils ikawa chini yake. Watu wa Kakuma walimwogopa kuliko walivyomwogopa baba yake.

Na huyo baba yake hakuacha. Kila muhula alikuja shuleni bila kuitwa, akaingia jikoni, akaonja maharagwe, akahesabu watoto, akamgombeza mpishi, akaenda zake. Ewoi alichoka, akaniomba nimwambie Etabo kwamba shule ina kamati ya kufanya mambo hayo. Nilimwambia Ewoi nimeshazijua kamati, amwache Etabo, na anunue chumvi.